Nyumba ya Osborne na Mwalimu wa Malkia

Kusini mwa Uingereza, ng'ambo ya mkono wa bahari uitwao Solent, kiko kisiwa kiitwacho Wight. Na katika kisiwa hicho, juu ya kilima kitazamacho maji, iko nyumba kubwa yenye minara miwili, ambayo mtu akiiona kwa mbali hudhani yuko Italia. Nyumba hiyo jina lake ni Osborne. Ilijengwa kwa amri ya Malkia Victoria na mumewe, Mwanamfalme Albert, baina ya mwaka 1845 na 1851. Tumeona vyema kuwaeleza ndugu zetu wasomaji habari zake kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ufundi wake, kwani mkono wa fundi hupendeza kuutazama popote ulipo. Ya pili yatuhusu zaidi sisi ambao kazi yetu ni kufundisha chuoni: katika nyumba hiyo Muislamu mmoja wa Bara Hindi alimfundisha malkia kusoma na kuandika, na alipokufa mwanafunzi wake, karatasi za mwalimu zilitiwa moto.

Mtu atokaye Southampton huvuka kwa feri muda wa kadiri ya saa moja, akashuka East Cowes, kisha akapanda mlima kwa njia yenye miti mikubwa. Tulipofika uwanjani, kijana wetu aliyefuatana nasi alisimama akaitazama nyumba kitambo, kisha akauliza, "Maalim, mbona nyumba hii ni ya Waingereza na sura yake si ya Kiingereza?" Swali lilikuwa zuri, na jibu lake ni refu kidogo.

Albert alikuwa mzaliwa wa Ujerumani, na katika ujana wake alitembea Italia. Alipoyaona maji ya Solent yakimeta chini ya kilima, yalimkumbusha ghuba ya Naples. Tena yeye na mkewe walikuwa wakitafuta nyumba yao wenyewe, mbali na mambo ya mjini. Walikuwa na kasri pale Brighton, lakini mji ule ulikuwa umelizunguka, na kila walipotoka nje watu waliwasonga kuwatazama. Hilo kasri la Brighton nalo ni la ajabu: mjenzi John Nash alilitia makuba ya mfano wa majumba ya Bara Hindi, hali yeye mwenyewe hakupata kufika huko. Basi waliliacha, na mwaka 1850 likauzwa kwa watu wa mji. Shamba la Osborne walikuwa wamekwisha kulinunua mwaka 1845. Nyumba ya zamani iliyokuwapo waliiona ndogo, wakajenga mpya kando yake, kisha ile ya zamani ikabomolewa.

Mtindo waliouchagua haukuwa mgeni kabisa katika nchi ile. Huyo huyo John Nash alikuwa amekwisha kujenga nyumba iitwayo Cronkhill, katika jimbo la Shropshire, yapata mwaka 1802, akifuata sura ya nyumba za shamba za Italia. Na hiyo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya namna yake Uingereza. Msomaji akitaka kuitambua nyumba ya mtindo huo, na atazame mambo haya: paa lenye mteremko mdogo, ambalo mapenu yake yamechomoza mbele ya kuta, madirisha yaliyo na tao juu, baraza iliyozungushiwa matao, na mnara wa mraba usiosimama katikati, bali pembeni, hata nyumba ikawa kama mtu aliyeegemea upande mmoja. Jengo la Kigiriki la mtindo wa zamani hutaka upande wa kulia ufanane na wa kushoto. Nyumba hizi hazitaki hivyo. Huongezwa chumba hapa na mnara pale, na macho yakaona kuwa yote yamepatana. Osborne ina mnara wa bendera na mnara wa saa, na huo wa bendera ni mrefu kuliko mwenziwe.

Jambo lililotupendeza ni kwamba Albert hakumwita msanifu mkubwa mwenye jina. Alimwita fundi. Thomas Cubitt alikuwa mtoto wa seremala, naye mwenyewe alianza kazi kwa randa na msumeno. Katika ujana wake alisafiri mpaka Bara Hindi akiwa seremala wa merikebuni. Aliporejea London alikusanya mafundi wa kila namna, waashi, maseremala, wapaka rangi, akawaajiri wote chini ya mkono mmoja wakati ambapo wajenzi wengine walikuwa wakimtafuta fundi huyu leo na yule kesho. Kwa njia hiyo alijenga mitaa mizima ya London. Basi Albert akawa na fikira, Cubitt akawa na ujuzi, nao wawili wakakaa na michoro mpaka nyumba ikapatikana. Jiwe la msingi liliwekwa mwezi wa Juni 1845, na mwezi wa Septemba 1846 malkia na watoto wake walikuwa wamekwisha kuhamia katika sehemu ya kwanza.

Sasa tuseme habari ya kuta. Mtu akiingia uwanjani huona nyumba ya mawe ya rangi ya asali, mawe yaliyochongwa na kupangwa safu kwa safu. Akikaribia akagusa kwa kidole hutambua kwamba si mawe. Ni matofali yaliyopigwa lipu ya saruji, na lipu ilipokuwa mbichi ilichorwa mistari ili ionekane kama viungo vya mawe, kisha ikapakwa rangi ya mawe ya mji wa Bath. Ndivyo walivyofanya wengi katika zama hizo, kwa kuwa matofali na saruji ni rahisi kuliko jiwe la kuchonga. Sisi hatukuipenda sana hila hii. Nyumba zetu za pwani hujengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa chokaa, na chokaa huonekana kuwa ni chokaa, wala haitaki kudhaniwa kuwa ni kitu kingine. Lakini haki husemwa: lipu ya Cubitt ilipigwa vizuri, na kuta zake zimestahimili upepo wa chumvi zaidi ya miaka 170. Tena ndani ya sakafu alitia boriti za chuma na matao ya matofali, ili moto ukizuka usiruke kutoka ghorofa hata ghorofa. Wasomaji wetu wa Unguja watakumbuka kwamba Sayyid Barghash, aliyeizuru Uingereza mwaka 1875, alipojenga Beit al-Ajaib mwaka 1883 naye alitumia nguzo za chuma cha kusubu. Chuma katika nyumba ndio ulikuwa ufundi mpya wa karne ile.

Mbele ya nyumba, upande wa bahari, ardhi imekatwa ikawa viwanja vilivyopangwa kimoja chini ya kingine, na ngazi, na chemchemi za maji, na sanamu. Ndani kuna ukumbi mrefu, nao pia umejaa sanamu za marumaru, ambazo tulizipita bila kukawia. Vyumba vikuu vya chini vimezunguka ngazi kwa namna ya werevu. Chumba cha mazungumzo na chumba cha mchezo wa biliadi vimeshikana kama kiwiko cha mkono, hapana ukuta kati yao bali nguzo tu. Sababu yake yachekesha. Desturi ya Kiingereza haikumruhusu mtumishi wa heshima kukaa kitako mbele ya malkia. Basi wale mabwana walipochoka kusimama walikwenda upande wa pili wa kiwiko, ambako malkia hawaoni, wakakaa. Na bado walihesabiwa kuwa wako mbele yake, akiita waitike.

Vyumba vya watoto viko ghorofa ya juu, juu kabisa ya vyumba vya baba na mama yao, jambo ambalo si desturi katika majumba ya wafalme, ambako mtoto huwekwa mbali na kulelewa na wengine. Watoto walikuwa tisa. Nao walijengewa nyumba yao ya mbao shambani, mwendo wa dakika chache, kwa mtindo wa nyumba za milima ya Uswisi, ikakamilika mwaka 1854. Nyumba hiyo ina jiko la kweli, lakini kila kitu chake ni cha kimo cha mtoto: meko madogo, masufuria madogo, meza ndogo. Humo mabinti wa malkia walijifunza kupika na kuoka, wakawakaribisha wazazi wao chai. Nje kila mtoto alipewa kitalu chake cha bustani, na toroli lake la mkono lenye herufi za jina lake. Walipanda mboga na maua kwa mikono yao, na baba yao akainunua mboga kwao kwa bei ya sokoni. Ikiwa imestawi alilipa. Ikiwa haikustawi hapana malipo. Tulisimama mbele ya matoroli hayo, yaliyopangwa bandani, tukawaza juu ya wazazi wa kwetu ambao Mungu amewajaalia uwezo kidogo, mtoto wao akawa hajui hata kufagia alipolala. Watoto wa malkia walishika jembe.

Albert alikufa Windsor tarehe 14 Desemba 1861, naye hajatimiza miaka 43. Malkia akavaa nguo nyeusi, wala hakuzivua mpaka kufa kwake, miaka 39 baadaye. Kila mwaka alikuja Osborne kukaa. Nyumba haikubadilishwa sana, na kwa muda mrefu hapana la kusimulia.

Kisha ikaja habari ya Bara Hindi. Mwaka 1857 askari na watu wengi wa nchi ile waliwainukia Waingereza. Uasi uliposhindwa, Bahadur Shah, mfalme wa mwisho wa nasaba ya Mughal, alihukumiwa na kupelekwa Rangoon, akafa huko mwaka 1862, mbali na kaburi za baba zake. Tangu mwaka 1858 nchi ile ilitawaliwa kwa jina la Malkia Victoria, na mwaka 1876 akapewa na cheo cha Malkia Mkuu wa Hindi. Nchi yenyewe hakuwahi kuiona kwa macho. Basi akaileta nyumbani: mwaka 1890 ilianzwa kujengwa sehemu mpya ya Osborne, na ndani yake ukumbi wa karamu uitwao Durbar, ambalo ni neno la Kiajemi litumikalo Bara Hindi kwa baraza ya mfalme.

Kazi hiyo ilitoka katika skuli ya sanaa ya Lahore, iliyokuwa chini ya John Lockwood Kipling, baba wa yule mwandishi Rudyard Kipling. Lakini mkono uliofanya kazi haukuwa wake. Ulikuwa wa Bhai Ram Singh, Kalasinga, fundi wa kuchonga, aliyetoka Lahore akaja kukaa kisiwani penye baridi kuitenda kazi hiyo. Kwa nje sehemu hii ni ile ile ya Kiitalia, hapana kinachoonyesha. Ukifungua mlango ndipo unaposhangaa. Kuta nyeupe zimejaa nakshi toka chini mpaka juu: maua, majani, vyandarua vya mistari iliyosukwa, vidaka vya matao ya Kimughal. Juu ya meko amesimama tausi ameukunjua mkia wake, na yasemwa kwamba tausi huyo peke yake alichukua zaidi ya saa 500 za kazi. Dari imegawanywa miraba mirefu iliyochimbika, yote kwa plasta na rojo la karatasi lililotiwa katika kalibu. Aliyepata kuona vidaka vya chokaa katika majumba ya kale ya Lamu na Pate ataelewa furaha yetu. Si nakshi zile zile, na mafundi wale hawakujuana. Lakini subira ya kuchonga kitu cheupe juu ya cheupe, hata kivuli peke yake kiwe ndiyo rangi, ni subira moja.

Furaha hiyo, hata hivyo, ilikuwa na uchungu ndani yake. Kandokando zimewekwa kasha za fedha na zawadi za thamani, zilizoletwa na miji na wakuu wa Bara Hindi kwa sherehe za miaka 50 na 60 ya malkia, mwaka 1887 na 1897. Mtu hutazama akajiuliza: aliyeleta, je, alileta kwa mapenzi, au kwa kuwa jirani yake ameleta? Kuta hazijibu.

Ukitoka katika ukumbi huo waingia ushoroba uliotundikwa picha za rangi za watu wa Bara Hindi, nyingi zikiwa za mkono wa Rudolf Swoboda, mchoraji wa Austria ambaye malkia alimtuma huko azichore. Si wafalme tu. Yumo askari, yumo mfumaji, yumo mfinyanzi mzee aitwaye Bakshiram. Yumo Ram Singh mwenyewe. Na yumo kijana wa Kiislamu aliyevaa kilemba, macho yake ameyainamisha kidogo, mkononi ana kitabu. Huyo ndiye Abdul Karim.

Alizaliwa mwaka 1863 karibu na Jhansi. Baba yake alikuwa msaidizi wa hospitali, naye mwenyewe alikuwa karani katika jela ya Agra. Mwezi wa Juni 1887, akiwa na umri wa miaka 24, aliletwa Uingereza pamoja na mwenzake Mohammed Buksh, wawe watumishi wa mezani katika sherehe za malkia. Mwezi wa Agosti walikuwa Osborne. Huko watumishi hao walipika mchuzi wa bizari, malkia akaupenda. Akataka ajue maneno machache ya lugha yao, apate kusema nao. Maneno yakawa sentensi, sentensi zikawa somo la kila siku.

Malkia alikuwa na miaka 68. Sisi tunawajua wazee wetu wengi ambao ukiwaambia waje chuoni wajifunze herufi hukujibu kwa upesi kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Na methali hiyo wameishika kama ngao. Huyu bibi alianza kwa herufi za Kiurdu, ambazo asili yake ni herufi zetu za Kiarabu, zisomwazo kutoka kulia. Akaandika na kufutiwa na kuandika tena, akaendelea mpaka ugonjwa wake wa mwisho. Madaftari ya masomo yake ni 13.

Abdul Karim hakuridhika kusimama mezani na sahani, akasema kwamba kwao alikuwa karani. Malkia akakubali. Mwaka 1888 akampa cheo cha Munshi, yaani mwalimu na mwandishi, akaagiza picha zote zilizomwonyesha akihudumu mezani ziharibiwe. Baadaye alimfanya katibu wake wa mambo ya Bara Hindi, akampa nyumba ya kukaa Osborne, na nyingine Windsor na Balmoral, na shamba Agra. Mwaka 1893 mke wake alikuja kutoka Bara Hindi, akakaa kwa sitara kama desturi ya kwao, na malkia akawa akienda kumzuru.

Hapana shaka wakuu wa nyumba waliudhika. Mwaka 1897 walitishia kujiuzulu wote pamoja kama Munshi atafuatana na malkia katika safari ya Ufaransa. Walipeleleza nasaba yake, wakafurahi walipogundua kwamba baba yake hakuwa tabibu mkubwa kama ilivyokuwa ikisemwa. Hatusemi kwamba Abdul Karim alikuwa mtu asiye na ila. Alipenda vyeo, alipenda kutangulizwa, na kujikweza huko kuliwapa adui zake kisu cha kumkatia. Lakini wale waliomchukia hawakumchukia kwa majivuno tu, kwani majivuno yalijaa katika nyumba ile toka ghorofa ya chini mpaka mnarani. Walimchukia kwa kuwa alikuwa mtu mweusi wa nchi iliyotawaliwa, naye ameketi ambapo wao husimama.

Malkia Victoria alikufa katika chumba chake cha Osborne tarehe 22 Januari 1901. Chumba hicho kingalipo, na kitanda chake. Munshi aliruhusiwa kuingia kumuaga peke yake, akawa wa mwisho kabla ya jeneza kufungwa. Baada ya siku chache, mfalme mpya, Edward wa Saba, alipeleka watu katika nyumba ya Abdul Karim pale Windsor. Barua zote alizoandikiwa na malkia zikatolewa, zikachomwa moto mbele ya nyumba, mkewe akiona. Kisha wakaamriwa warudi kwao. Alikufa Agra mwaka 1909, akazikwa huko.

Edward hakuitaka Osborne. Mwaka 1902 aliitoa kwa taifa: sehemu ikawa nyumba ya maofisa wagonjwa wapate nafuu, na katika viwanja vyake, toka 1903 hata 1921, kulikuwa na chuo cha vijana wa jeshi la majini. Vyumba vya malkia vilifungwa, havikufunguliwa kwa watu mpaka mwaka 1954. Tangu 1986 nyumba iko katika mikono ya shirika la English Heritage, na mtu yeyote huingia kwa kulipa ada mlangoni.

Ukoo wa Abdul Karim ulihama Agra ukaenda Karachi baada ya Bara Hindi kugawanywa mwaka 1947, ukachukua daftari ya kumbukumbu alizoandika kwa mkono wake. Mwandishi Shrabani Basu, aliyeeneza habari zake kwa kitabu cha mwaka 2010, aliionyeshwa. Ama yale madaftari 13, hayakuchomwa, kwa kuwa yalikuwa mali ya malkia mwenyewe. Waliochoma barua hawakujua Kiurdu, na kurasa zile hazikuwasomekea. Yamehifadhiwa Windsor hata leo, na mstari wa mwalimu uko juu, na wa mwanafunzi chini yake.